Alichokisikia Sajini Ahmada

Sajini mstaafu Ahmada Kificho wa Wawi, kisiwani Pemba, hawezi kutazama filamu ya vita mpaka mwisho. Jambo hilo linajulikana barazani kwao kama inavyojulikana kwamba maziwa ya ng'ombe wake hayatiwi maji. Filamu ikifika pale ambapo askari mmoja ameanguka na mwenziwe amemwinamia, Ahmada hutoa leso, akapangusa macho, akainuka. Hajifichi, wala hasingizii vumbi.

Barazani watu wana ndimi. Muuza simu mmoja aliwahi kumwambia mbele ya wenziwe, "Sajini mzima, miaka ishirini na mmoja jeshini, unamlilia Mzungu aliyelipwa aanguke!"

"Mzungu simlilii," Ahmada akamjibu. "Yeye keshainuka, kajipangusa, kenda kula."

Watu wakacheka, na muuza simu akacheka nao, lakini hakuna aliyemuuliza anamlilia nani. Hilo ndilo kosa la baraza nyingi. Mzaha tunao wa kutosha, na swali moja la maana hatuna. Tumejifunza kudhani kwamba uaskari ni ukavu wa macho, ilhali Mtume mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe. Askari anayelia na kesho akaamka kukamua ng'ombe wake ni mwanamume kuliko anayecheka akiwa amekaa.

Aliyekuwa akimlilia ni Talib Nyange, mtoto wa Wingwi. Walikutana katika mafunzo, wote wawili wametokea JKU, lile Jeshi la Kujenga Uchumi la Zanzibar, na katika kikosi chao walichopangiwa Bara hawakuwepo Wapemba wengine. Wenzao wakiwaigiza kusema kwao, na Talib, ambaye mdomo wake ulikuwa hauna kufuli, akiwarudishia kwa lafudhi ya kila kabila mpaka wakaomba amani. Wakalala chumba kimoja, wakapanda cheo mwaka mmoja. Hatimaye wakapelekwa pamoja Kongo ya mashariki, katika jeshi la kulinda amani. Ahmada alirudi na nishani. Talib alirudi ndani ya sanduku lililofunikwa bendera.

Hayo yana miaka kumi na miwili sasa. Ahmada, wakati huo akiwa koplo, alikuwa miongoni mwa walioufuata mwili kwa ndege hadi Pemba na kwa gari hadi Wingwi. Sanduku lilikuja na agizo kwamba lisifunguliwe. Mashehe wa pale walilielewa agizo hilo, wakamsalia maiti, wakamzika. Mama yake, Bi Kazija, hakupata kumwona mwanawe uso.

Katika matanga ya kwetu kuna swali ambalo halikosi. Yule aliyekuwepo wakati wa kutoka roho huitwa na wafiwa, akaulizwa: alikata kauli vipi? Naye hueleza kama marehemu alitamka shahada, kama alielekezwa kibla, kama alinyoosha kidole. Mfiwa huyashika maneno hayo kwa mikono miwili, maana hana kingine alichobakiziwa. Jioni ya siku ile ya maziko Bi Kazija alimwita Ahmada karibu na pazia la wanawake.

"Mwanangu, weye ulikuwa naye. Alitamka?"

"Alitamka, mama," Ahmada akasema. "Nilimsikia."

Hakuwa amemsikia. Hakuwa hata karibu naye. Magari yalikuwa mawili, Talib alikuwa la mbele na Ahmada la nyuma, na baina yao palikuwa na kona na kichaka. Mashambulizi yalipotulia na Ahmada akakimbia mbele, alimkuta Talib kimya. Hiyo ndiyo kweli, na Ahmada aliifukia kwa maneno mawili kabla hajafikiri, kwa sababu ya sauti ya mwanamke aliyekuwa nyuma ya pazia.

Huruma ilimfanya aseme, na huruma ni jambo zuri. Lakini uongo hata ukizaliwa na huruma hukua kama uongo mwengine. Shahada moja ya Ahmada ilitoka kwa Bi Kazija ikaenda kisimani, ikatoka kisimani ikaenda msikitini. Mwaka wa tatu ilikuwa imekuwa shahada tatu. Mwaka wa sita Talib alikuwa amenyoosha kidole, na mahali alipoanguka pamenukia miski. Mwenye habari hakuwepo kuikanusha, na aliyeianzisha alinyamaza.

Wala hakukaa mbali. Kila mwezi Ahmada alipanda pikipiki yake kutoka Wawi hadi Wingwi, njia yenye mawe inayotoboa matairi, amefunga nyuma dumu la maziwa. Aliezeka upya paa la Bi Kazija. Alimpeleka hospitali alipougua macho. Maisa, binti pekee wa Talib, aliyekuwa na miaka miwili baba yake alipokufa na ambaye alilelewa na bibi yake, Ahmada ndiye aliyemnunulia sare za skuli mwaka baada ya mwaka. Wema huo ulikuwa wa kweli, na watu wa Wingwi walimheshimu kwa haki. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba nyumba ile ya heshima ina nguzo moja iliyoliwa na mchwa.

Jumapili moja ya mwaka huu alifika akamkuta Shehe Salem, mwalimu wa madrasa, amekaa ukumbini na kikombe cha chai.

"Nilikuwa nakungoja wewe, Sajini," Shehe Salem alisema baada ya salamu. "Ijumaa tuna hitima ya marehemu, na safari hii tunaisoma katika banda jipya la madrasa. Nataka wanafunzi wasikie kutoka kinywani mwako. Simama mbele yao, ushuhudie jinsi Talib alivyokufa na shahada ulimini. Utawapa funzo la kuwatosha umri wao."

"Inshaallah," Ahmada akasema, na neno hilo kubwa alilitumia vibaya, kama wengi wetu tunavyolitumia, kwa kuchelewesha jibu.

Shehe alipokwenda zake, Maisa akawasha televisheni. Alikuwa amepewa na rafiki yake filamu ya vita, iliyotiwa Kiswahili na mmoja wa wale watafsiri ambao husema sauti zote peke yao, ya mwanamume, ya mwanamke na ya mbwa. Bi Kazija alikuwa kwenye mkeka akichambua mchicha. Ahmada alitaka kuaga, lakini chai ilikuwa imeshamiminwa.

Askari wa filamu akapigwa kifuani. Muziki ukaanza. Mwenziwe akampakata, na majeruhi akaanza kusema. "Sasa mwamba anakata roho," mtafsiri akaeleza, "anamwambia mshikaji wake, nisalimie mama, mwambie asilie, shamba lile mpeni mdogo wangu..."

"Eti na risasi kifuani!" Bi Kazija akasema. "Huyu hafi, huyu anagawa mirathi." Maisa akacheka mpaka akaangusha rimoti. Kisha bibi akageuka, akamtazama Ahmada kwa fahari aliyokuwa nayo miaka yote. "Wangu mie hakusema maneno mengi. Alisema lile moja linalotosha. Au sivyo, Ahmada?"

Ahmada akainuka. Safari hii hakutoa leso. Alitoka uani, akaenda akasimama penye banda la mbuzi, ameshika mti wa banda kwa mikono yote miwili. Bi Kazija akamfuata taratibu, mkono kiunoni.

"Una nini? Filamu zishakushinda, n'najua. Maisa kaizima."

"Si filamu, mama. Nina neno."

"Liseme."

"Sikumsikia Talib akitamka. Sikuwa naye. Nilikuwa gari la nyuma. Nilipomfikia alikuwa keshakufa."

Mbuzi mmoja akalia, na Bi Kazija akamngoja amalize, kama mtu anayengoja mkubwa mwenziwe amalize kusema. Uso wake haukubadilika. Sauti ndiyo iliyobadilika.

"Miaka kumi na miwili, Ahmada."

"Nisamehe, mama."

"Miaka kumi na miwili n'nawasimulia watu. Alipozama baharini mwana wa jirani yangu Bi Mwanapili, n'likaa na mama mtu siku tatu. N'kamwambia, wangu alipata nafasi akatamka, inshaallah na wako kapata. N'lisema kwa neno lako. Umenifanya na mie muongo juu ya maiti ya mwana wa mtu."

Ahmada akauachia mti wa banda, akageuka kumtazama.

"Leo nenda," akasema Bi Kazija. "Sikufukuzi. Nenda tu."

Usiku huo Ahmada alimweleza mkewe, Suhaila, kila kitu. Suhaila alikuwa akiosha madumu ya maziwa na hakuacha kuosha.

"Ningekuwa mie, ningekurushia mwiko," akasema.

"Hakurusha kitu."

"Basi kaumia zaidi. Na Ijumaa utakwenda?"

"Nikienda nitashuhudia nini? Nikisema nilivyosema zamani, nitakuwa nimeapa uongo mbele ya msahafu na watoto. Nikisema kweli, nitamvunjia heshima mama mtu mzima mbele ya kijiji chake. Nisipokwenda, nitakuwa nimekimbia. Sijapata kukimbia."

"Basi ngoja akuite," Suhaila akasema. "Yeye ndiye mwenye maiti."

Jumatatu simu haikulia. Jumanne haikulia. Mteja mmoja wa Chake Chake alimlalamikia Ahmada kwamba amempa lita mbili badala ya tatu, na hilo halikuwa limepata kutokea. Jumatano mchana Maisa akapiga.

"Ami Ahmada, bibi anasema Ijumaa uje kabla ya saa tatu, watu hawajafika. Na anasema ulete maziwa. Anasema hasira zake hazihusiani na chai."

Ijumaa aliondoka Wawi asubuhi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi kwa mistari mikali kama gwanda. Kule Wingwi masufuria ya hitima yalikuwa yameshapandishwa mekoni na wanawake walikuwa wakibishana juu ya chumvi. Bi Kazija alikuwa amejitenga pembeni na ungo wa mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa." Akachagua vijiwe vitatu vinne, akavitupa. "N'lilia siku mbili. Ya tatu n'kajiuliza: kama hukumsikia wakati ule, basi ulimsikia lini? Leo usin'ambie unalodhani n'nataka kulisikia. N'ambie kilichoingia masikioni mwako."

Ahmada akamwambia. Asubuhi ile waliamka kabla ya alfajiri. Maji yalikuwa ya kunywa tu, tena ya kupimiwa, kwa hiyo walitayamamu. Talib alipiga udongo mwekundu wa kule kwa viganja viwili, akajipaka uso, akageuka mwekundu mpaka masikioni. Kisha akasimama mbele, Ahmada nyuma yake, wakasali wawili. Alisoma haraka haraka, kama kawaida yake.

"Alikuwa hivyo tangu chuoni, akisoma Kurani," Bi Kazija akasema. "Mwalimu akimpiga. Haya."

"Tukaitwa magarini. Mimi kamba ya buti ilikatika, nikawa naunga. Talib alikwishapanda gari la mbele, nafasi yangu ipo ubavuni mwake. Akanipigia kelele." Ahmada akaokota kijiwe kimoja unguni, akakitupa. "Akasema, 'We Ahmada! Unaunga kamba au unapambwa? Biarusi gani huyu anayengojwa na magari mawili!' Kikosi kizima kikacheka. Kamanda akakasirika, akaamuru gari la mbele liondoke na mimi nipande la nyuma. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake. Siku ya matanga, mama, ningesema sikuwa naye, ungeniuliza kwa nini. Na mimi ningesema kwa sababu ya kamba ya kiatu."

Alikuwa amelisema. Miaka yote ile, jambo hilo ndilo lililokuwa likimtoa mbele ya kila televisheni.

Bi Kazija alikuwa ameinamisha kichwa juu ya ungo, mabega yakimtikisika, na Ahmada akadhani amemliza tena. Alipoinua uso alikuwa akilia kweli, lakini alikuwa akicheka.

"Ndiye!" akasema. "Huyo ndiye! Hata mie akin'ambia hivyo hivyo nikichelewa kwenda kondeni. 'Mama, unapambwa?' Laa ilaaha illallah. Ahmada, yule wa shahada tatu na miski n'likuwa n'kimheshimu, lakini n'likuwa simjui. Huyu n'limzaa mie."

"Mama, nilikuwa niwe ubavuni mwake."

"Aliyekuchelewesha na aliyemtanguliza ni Mmoja. Weye na kamba yako hamna nguvu hiyo. Usijipe ukubwa." Akapangusa uso kwa upindo wa kanga, akaushika ungo tena. "Ila uongo ulikuwa wako mwenyewe. Ule usimtupie Mungu."

"Ni wangu. Leo unataka niseme nini?"

"Sikuamuru. Weye si askari? Basi kaseme kama askari."

Baada ya swala ya Ijumaa banda jipya la madrasa lilijaa. Wanafunzi walikaa mbele, wazee ukutani, wanawake nyuma ya pazia. Juzuu ziligawiwa, zikasomwa, zikarudishwa. Shehe Salem akasimama akatoa maneno mazuri juu ya mwisho mwema, akataja shahada tatu, akakitaja na kidole, kisha akamkaribisha Sajini ashuhudie.

Ahmada alisimama wima, mikono ubavuni.

"Assalamu alaykum. Miaka kumi na miwili iliyopita nilimwambia mama wa marehemu kwamba nilimsikia mwanawe akitamka shahada. Nilisema uongo. Sikuwa mahali alipofia, na hakuna aliyebaki hai katika gari lile. Alitamka au hakutamka, anajua Mola wake. Naomba msamaha kwa Bi Kazija, na kwenu nyote mlioipokea habari kwangu."

Minong'ono ikapita bandani. Mzee mmoja karibu na mlango akasema, si kwa sauti ndogo, "Si angenyamaza tu, jamani! Siku ya kheri kama leo, mama wa watu anafedheheshwa!"

Pazia likatikisika.

"Nyamaza weye!" ikatoka sauti ya Bi Kazija. "Mwenye mwana ni mie, na sikufedheheka. Mwacheni amalize."

Si jambo la kawaida kwetu mwanamke kupaza sauti katika hitima, na waliokuwepo walitazama chini. Shehe Salem ndiye aliyeinua kichwa kwanza. Alikuwa na njia rahisi ya kujitoa, nayo ni kumlaumu Sajini. Hakuipita.

"Na mimi niliyatangaza niliyoyasikia bila ya kuuliza," akasema mbele ya wanafunzi wake, "tena nikayaongezea chumvi. Astaghfirullah. Endelea, Sajini. Tupe ulichokiona."

Ahmada akaendelea. Akawaeleza habari ya maji ya kupimiwa, udongo mwekundu, na swala ya watu wawili katika nchi ya watu, wakati wengine wamelala. Akawaeleza kwamba kazi yao siku ile ilikuwa kusindikiza chakula cha watu waliokimbia vijiji vyao, na kwamba Talib alikuwa wa kwanza kupanda gari. Alipofika kwenye biarusi, wanafunzi wakacheka, wakajizuia, wakamwona Shehe naye anacheka, wakacheka tena. Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wakicheka na kulia pamoja. Hata mzee wa mlangoni akafunika mdomo.

Shehe Salem akawaambia wanafunzi maneno machache tu. Mtu aliyeianza siku yake ya mwisho kwa swala, akaimaliza katika kuwahami wanyonge, Waislamu tunamtarajia kheri, wala hatuna haja ya kumtungia mengine. Wakasoma Fatiha.

Nimewasikia wanaosema kwamba Ahmada alijiaibisha siku ile. Wanakosea. Askari hupewa nishani kwa kusimama mbele ya risasi, na wengi husimama kwa kuwa hawana pa kukimbilia. Ahmada alikuwa na pa kukimbilia. Kijiji kizima kilikuwa kimemwandalia uongo mtamu, na angeulalia mpaka kufa. Kusimama kwake pale ni jambo ambalo Pemba nzima ina haki ya kujivunia.

Watu walipokuwa wakila, Maisa alikuja kukaa karibu naye na sahani yake. Kwa miaka yote alikuwa akimwamkia Ami Ahmada kwa heshima na kupokea dumu la maziwa, lakini hajapata kumuuliza chochote juu ya baba yake. Utamuuliza mtu nini juu ya baba aliyekufa ananukia miski? Leo alikuja na maswali hata wali wake ukapoa. Alikuwa mrefu kuliko wewe? Alijua kuimba? Ni kweli alikuwa akikoroma? Ahmada akajibu yote: alikuwa mfupi kidogo, aliimba vibaya tena kwa nguvu, na kuhusu kukoroma, walipata kumhamisha hema.

Kisha Maisa akauliza swali ambalo alikuwa ameliweka la mwisho.

"Aliogopa?"

Ahmada akaweka tonge lake chini. "Aliogopa. Sote tuliogopa, kila siku tuliyotoka. Aliogopa, na alipanda gari."

Maisa akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kisha akasogea karibu zaidi. "Nieleze siku nyengine," akasema. "Sio ile. Yoyote nyengine."